Fujo Hazikuanzia Barabarani

Kila Wakenya wanapoingia barabarani kulalamikia madaraka ya rais, jibu huwa lile lile. Hutolewa redioni asubuhi, hurudiwa kwenye matatu jioni, na hutamkwa hata na watu wazima walioyaona mengi: nchi hii haiwezi kwenda bila mkono mmoja wenye nguvu, wanaoandamana ndio waleta fujo, anayebisha na azikumbuke enzi za Nyayo chini ya Rais Moi, maziwa ya shule na watu kulala bila hofu. Wengine huongeza kwamba Mwafrika hajazoea mivutano ya mabunge na mahakama, kwamba mwenye boma huwa mmoja tu.

Naikataa hoja hii yote, na ushahidi wangu nautoa katika historia ya Kenya yenyewe, miaka sitini na ushei. Ifuate mwaka baada ya mwaka, utakuta mambo yakija kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza madaraka ya rais yanaongezwa. Kisha milango ambayo raia angeibisha akiwa na malalamiko yake inafungwa, mmoja baada ya mwingine. Halafu watu wanatoka barabarani. Risasi huja mwisho. Anayeanza kuhesabu fujo siku watu walipotoka barabarani ameruka kurasa zote za mbele.

Mpinzani wangu nimpe haki yake. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, ilikuwa na Katiba ya majimbo iliyotokana na mivutano ya Lancaster House, yenye waziri mkuu na bunge la vyumba viwili. Wiki chache baadaye, Januari 1964, askari wa kambi ya Lanet waliasi kama wenzao wa Tanganyika na Uganda. Kaskazini mashariki vita vya Shifta vilikuwa vimekwisha kuwaka. Aliyesema wakati ule kwamba nchi changa inahitaji uongozi ulioshikamana hakuwa mjinga, na wengi waliosema hivyo walikuwa wazalendo wa kweli.

Lakini tazama madaraka yale yalipoongezwa yalielekezwa kwa nani. Desemba 1964 nchi ikawa jamhuri, na Jomo Kenyatta akawa mkuu wa dola na mkuu wa serikali kwa pamoja. KADU, chama kilichotetea majimbo, kilikuwa kimejivunja mwezi mmoja kabla. Aprili 1966 Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuhamia chama kipya cha upinzani, KPU, pamoja na wabunge kadhaa. Kabla mwezi haujaisha, Katiba ikabadilishwa ili mbunge anayekihama chama kilichomdhamini apoteze kiti. Sheria hiyo ilihusiana vipi na waasi wa Lanet? Ilihusiana vipi na Wajir au Garissa? Mwaka huo huo serikali ilipanua uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na hiyo kweli ingeweza kutetewa kwa jina la vita vya Shifta. Ila miongoni mwa waliotiwa kizuizini mara tu baada ya hapo walikuwamo watu wa KPU na viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliomuunga mkono Odinga. Mwaka ulipokwisha, Seneti nayo ikawa imetiwa ndani ya Bunge na kutoweka.

Basi twende Kisumu, tarehe 25 Oktoba 1969. Rais alikwenda kufungua hospitali mpya ya Nyanza. Umati ukamzomea, yeye na Odinga wakarushiana maneno hadharani, mawe yakarushwa, na walinzi na polisi wakafyatua risasi ndani ya umati na kando ya barabara msafara ulipokuwa ukiondoka. Serikali ilitaja vifo kumi na kimoja. Wakazi hawajawahi kuikubali hesabu hiyo; wao husema waliokufa ni wengi zaidi, watoto wa shule wakiwemo. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini, uchaguzi wa Desemba ukiwa mlangoni. Anayesema Kisumu kulikuwa na wahuni siku ile hasemi kitu, mpaka aeleze watu wale wangepeleka wapi hasira yao, ikiwa chama chao kilibanwa, wabunge wao walinyang'anywa viti na viongozi wao walikuwa korokoroni.

Jambo lingine ambalo wanaousifu mkono wenye nguvu hawalitaji ni hatima ya waliousuka mkono huo. Tom Mboya ndiye aliyekuwa fundi wa mkutano wa chama tawala, KANU, wa Limuru, Machi 1966, uliomwondolea Odinga nguvu chamani. Tarehe 5 Julai 1969 aliuawa kwa risasi mchana mweupe katikati ya Nairobi, akiwa anatajwa na wengi kuwa mrithi wa kiti. Charles Njonjo alikuwa Mwanasheria Mkuu tangu uhuru, na marekebisho mengi ya Katiba yalipitia mikononi mwake. Juni 1982, akiwa waziri, ndiye aliyewasilisha bungeni mswada wa Kifungu cha 2A, uliofanya KANU kuwa chama pekee kisheria, na Mwai Kibaki akauunga mkono. Mwaka uliofuata Njonjo akaitwa msaliti, akafanyiwa uchunguzi na tume, na siasa zake zikaishia hapo. Alipohitaji chombo huru cha kumlinda hakukipata, kwa kuwa vyombo hivyo yeye mwenyewe alikuwa amesaidia kuvilegeza.

Sasa nifike kwenye enzi za Nyayo ambazo tunaambiwa tuzitamani. Maziwa ya shule yalikuwepo kweli, na watoto wengi waliyanywa kwa furaha. Katika miaka hiyo hiyo vyumba vya chini ya jengo la Nyayo House, katikati ya Nairobi, vilijazwa maji na watu wakatupwa humo uchi kwa kushukiwa kuwa wa kundi la siri la upinzani lililoitwa Mwakenya. Ukitaka kuzisifu enzi hizo, zisifu zote kwa pamoja, maziwa na maji.

Na milango ikaendelea kufungwa. Mwaka 1986 Katiba ilibadilishwa, na rais akaweza kumwachisha kazi Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za serikali apendavyo. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji, na muda ambao polisi wangeweza kumshikilia mshukiwa wa kosa la kifo ukarefushwa kutoka saa 24 hadi siku 14. Mwaka huo huo ndio wa kura ya mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, wakahesabiwa mchana kweupe, kisha mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Kura ya siri iliondolewa katika mchujo wa chama, na aliyetangazwa kuwa na asilimia 70 alipita bila uchaguzi mkuu. Jarida la Beyond lililoandika juu ya wizi huo likapigwa marufuku.

Ipange picha hiyo yote akilini mwako. Bunge ni la chama kimoja. Jaji anaweza kufutwa kesho. Kura haina siri. Magazeti yanafungwa. Chama ni kimoja na ukifukuzwa humo huna siasa nyingine. Raia mwenye malalamiko aende wapi?

Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote wawili watu waliowahi kuwa mawaziri na wenye mali za kutosha, walianza kwa njia ya upole kabisa: tarehe 3 Mei 1990 waliita waandishi wa habari wakasema Kenya inahitaji vyama vingi. Kisha wakaomba kibali cha mkutano wa hadhara uwanja wa Kamukunji, Jumamosi tarehe 7 Julai. Waliomba kibali; sizungumzii watu waliovamia kituo cha polisi. Kibali kikanyimwa. Tarehe 4 Julai wakakamatwa na kuwekwa kizuizini, na Raila Odinga naye akatiwa ndani. Hata kanda za nyimbo za siasa zilizokuwa zikipigwa kwenye matatu zilisakwa na polisi. Siku ya Saba Saba watu walikwenda Kamukunji hivyo hivyo, wakanyoosha vidole viwili, na askari wa kikosi cha GSU wakawashukia. Ghasia zikasambaa hadi vitongoji vya Nairobi na miji ya Kati na Nakuru. Watu wasiopungua ishirini waliuawa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakurudia afya yake mpaka alipofariki mwaka 2018. Mwaka mmoja kabla ya hapo Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru serikali imlipe fidia ya mamia ya mamilioni ya shilingi.

Desemba 1991 Kifungu cha 2A kikafutwa. Wafadhili walikuwa wamezuia misaada mwezi mmoja kabla, na kuna wanaopenda kusema vyama vingi tuliletewa na wazungu. Hao wajiulize kwa nini wafadhili wale wale walikaa kimya miaka yote ya kizuizini na mlolongo, wakazinduka baada ya Kamukunji.

Hapo mtetezi wa mkono wenye nguvu hunijibu kwa karata anayoiamini zaidi: vyama vingi vilipokuja, damu ikamwagika Bonde la Ufa. Moi mwenyewe alikuwa ametabiri kwamba vyama vingi vitaleta vita vya kikabila, na mapigano yakaanza mwishoni mwa 1991, shamba la Meteitei, Nandi, kabla hata ya uchaguzi. Utabiri ukatimia, wasema. Mwaka 1992 Bunge liliunda kamati ya uchunguzi chini ya Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe. Bunge lile lilichaguliwa lote kwa tiketi ya KANU, kwa hiyo hakuna atakayedai upinzani uliandika ripoti. Kamati ilihesabu watu 779 waliouawa, na ikawataja wakubwa serikalini na chamani kwa uchochezi na ufadhili wa mapigano. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mwingine, ikawa zamu yetu Pwani: kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, kisha watu wa bara wakafukuzwa na kuchomewa nyumba. Wapiga kura waliotimuliwa walikuwa wengi wa upande usiotakiwa na chama tawala. Damu hiyo haikumwagwa na waandamanaji wa Kamukunji. Ilimwagwa kwa faida ya wale ambao kupoteza kiti kulimaanisha kupoteza kila kitu.

Kila kitu, nasema, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwa nini urais wa Kenya uligombaniwa kwa mapanga? Chukua ardhi peke yake. Chini ya Sheria ya Ardhi za Serikali, urithi wa ukoloni, rais aliweza kumgawia mtu ardhi ya umma. Saini moja ilitosha. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria hati laki mbili hivi zilizotolewa kinyume cha sheria: misitu, viwanja vya shule, fukwe, barabara, hata makaburi. Mpwani aliyezaliwa kwenye shamba la babu yake akaitwa skwota, huku kiwanja cha ufukweni kikiwa na jina la mtu ambaye hajawahi kulala Kilifi hata usiku mmoja. Mkiwa na mtu wenu Ikulu, mna shamba, mna kazi, mna barabara na mna mkopo wa benki. Msipokuwa naye, mnaishi kwa hisani. Katika hali hiyo uchaguzi hauwezi kuwa wa amani, hata ukihubiri amani mchana kutwa.

Tena waliozuia uporaji huo mara kwa mara walikuwa hao hao waleta fujo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa sitini ambalo KANU ilitaka kulisimamisha ndani ya Uhuru Park; alitukanwa bungeni, lakini bustani ikabaki. Mwaka 1992 alikaa Uhuru Park pamoja na akina mama waliokuwa wakidai watoto wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe, na polisi wakawapiga mpaka baadhi ya wazee wale wakavua nguo kuwalaani. Januari 1999 alipigwa tena, damu ikamtoka kichwani, alipokwenda kupanda miti Karura kwenye msitu uliokwisha gawiwa watu binafsi. Leo wenye nafasi zao Nairobi hukimbia Karura asubuhi ya Jumapili kunyoosha viungo, na baadhi yao, wakirudi nyumbani, hulalamika kwamba waandamanaji wanaharibu nchi.

Mwaka 2002 wapinzani wa mkono wenye nguvu walishinda uchaguzi wakaingia Ikulu wao wenyewe, na ahadi ya Katiba mpya ndani ya siku mia moja. Hapa kuna funzo ambalo marafiki zangu wa upande wa mageuzi hawalipendi. Wajumbe wa kongamano la Katiba la Bomas walipopitisha rasimu Machi 2004, yenye waziri mkuu mwenye madaraka ya kweli, serikali iliyokuwa imeingia kwa kelele za mageuzi ilitoka nje ya ukumbi. Rasimu ikapelekwa Kilifi, ikafumuliwa, ikapita mikononi mwa Mwanasheria Mkuu Amos Wako, na ikarudi ikiwa na rais yule yule wa zamani. Julai 2005 watu waliandamana Nairobi kuipinga wakafukuzwa kwa moshi wa machozi. Oktoba, wakati wa kampeni za kura ya maoni, watu waliuawa kwa risasi Kisumu, mji ule ule wa 1969. Tarehe 21 Novemba Wakenya wakaikataa rasimu hiyo kwa takriban asilimia 58. Rais wa wakati huo, Kibaki, hakuwa mtu mkatili, na hata wapinzani wake walikiri hivyo. Kiti kile kilimzidi mtu mpole kama kilivyowazidi wakali, na ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba dawa ni kumtafuta mtu mwema zaidi wa kukikalia.

Miaka miwili baadaye tulilipa deni lote. Mwaka 1997 vyama vilikuwa vimekubaliana kwamba upinzani upendekeze baadhi ya makamishna wa tume ya uchaguzi. Mwaka 2007 rais aliteua wapya bila kuuzingatia mwafaka huo. Tarehe 30 Desemba aliapishwa Ikulu giza likiingia, muda mfupi baada ya kutangazwa kwa matokeo yaliyopingwa vikali. Chama cha upinzani cha ODM kikaulizwa kwa nini hakiendi mahakamani, kikajibu kwamba mahakama ni za aliyewateua majaji. Jibu hilo lilikuwa la hatari, na Wakenya wengi waliliamini. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata, na ilipotafuta mizizi ya maafa ilitaja kukusanyika kwa madaraka kwa mtu mmoja, rais, hadi jamii zikaamini kwamba bila mtu wao Ikulu hazitapata kitu.

Wapo wanaonipa methali: fahali wawili hawakai zizi moja. Walikaa. Kuanzia 2008 hadi 2013 Kenya ilikuwa na rais na waziri mkuu, serikali tuliyoiita ya nusu mkate. Waligombana kila wiki juu ya itifaki, mabalozi na zulia jekundu. Katika miaka hiyo hiyo ilipatikana Katiba ya 2010, barabara ya Thika ikajengwa, na hakuna fahali aliyeuawa. Ugomvi ulibaki mezani.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi, na ningekuwa upande wa pili ningeanza nalo. Katiba ya 2010 ilipunguza madaraka ya rais, ikaleta kaunti 47, Seneti na majaji wanaosailiwa hadharani. Mbona bado watu wanauawa katika maandamano? Mwaka 2017 waliuawa Kisumu na Mathare. Juni 2024 waliuawa nje ya Bunge.

Ni kweli, na inauma. Lakini linganisha mambo kwa makini. Mwaka 2013 na 2022 mzozo wa urais ulikwenda Mahakama ya Juu, walioshindwa wakanung'unika lakini wakasema wanaiheshimu hukumu. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo chini ya David Maraga iliufuta uchaguzi wa rais aliye madarakani, jambo ambalo Afrika haikuwa imeliona. Kisha ukaja mpango wa kubadilisha Katiba ulioitwa BBI. Mpango ule ungempa rais nafasi ya kumteua waziri mkuu na manaibu wake kutoka bungeni, na kumweka mtu aliyependekezwa naye kupokea malalamiko dhidi ya majaji. Swali lilikuwa lile lile la Kamukunji: je, rais anaweza kuipinda Katiba ajiongezee uwezo? Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema hawezi, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nao Agosti, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikashikilia kwamba rais hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa kujivika joho la mwananchi wa kawaida. Swali lililoua watu mwaka 1990 likamalizwa na mawakili, na hakuna aliyepigwa hata kofi.

Risasi zimebaki wapi, basi? Zimebaki kwa polisi. Na polisi ndipo mahali ambapo madaraka yalirudishwa Ikulu kimya kimya. Inspekta Jenerali wa kwanza alipatikana mwaka 2012 kwa usaili wa tume. Desemba 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, wabunge wakipigana ngumi na kumwagiana maji ndani ya ukumbi, ilipitishwa sheria ya usalama iliyompa rais nafasi ya kumteua mkuu wa polisi mwenyewe na kulipeleka jina bungeni. Mahakama ilifuta vifungu kadhaa vya sheria hiyo, hicho kilibaki. Juni 25, 2024, makumi ya familia nchini yalijua uzito wake. Kesho yake rais aliukataa mswada wa fedha uliokuwa umewatoa vijana nyumbani, na wiki mbili hivi baadaye mkuu wa polisi akajiuzulu, lakini utaratibu wa kumpata mwingine haukuguswa.

Miezi michache baada ya hapo seneta mmoja alileta mswada wa kurefusha muhula wa rais kutoka miaka mitano hadi saba. Kamati ya Seneti ilipoomba maoni ya umma, barua pepe za kuupinga zilimiminika kwa maelfu, na mswada ukakwama. Mlango ulikuwa wazi, watu wakaupitia.

Kwa hiyo wanaotaka barabara tulivu, na mimi ni mmoja wao, wana kazi moja ya haraka kuliko kuwahubiria vijana. Wawabane wabunge wao wakirekebishe kifungu kile cha 2014, uteuzi wa Inspekta Jenerali urudi kwenye usaili wa hadharani kama ule wa Jaji Mkuu, na jina moja ndilo limfikie rais. Wafanye hivyo kabla ya uchaguzi wa 2027.